Sindano za Bwana Kang'ethe

Ngendo hakuwa na viatu. Hakuwa na sweta ya kuvaa asubuhi za Julai, wakati ukungu wa Ruiru unapolala juu ya mibuni hadi saa nne. Hakuwa na taa ya kusomea, wala kaka wa kumtetea shuleni, wala kitabu cha hesabu chenye jalada. Baba yake alifanya kazi ya reli mbali huko Nakuru, na fedha zake zilikuja zilipotaka zenyewe. Alichokuwa nacho Ngendo ni mama yake, kuku wachache, na mbwa aliyeitwa Kaptura.

Mbwa huyo alikuwa mweupe mwili mzima isipokuwa miguu ya nyuma, iliyokuwa ya kahawia kama aliyevaa kaptura ya askari. Kila asubuhi Ngendo aliteka maji, akawafungulia kuku, kisha akaenda shule huku Kaptura akimsindikiza hadi mwisho wa nyumba za wafanyakazi wa shamba. Mama yake, aliyeitwa Warigia, alikuwa amekwisha kwenda kuchuma kahawa na debe lake. Hao kuku hawakuwa wa kuliwa. Walikuwa karo ya Ngendo ya muhula uliofuata, na mama aliwahesabu kila jioni kama mtu anayehesabu watoto wake.

Jumapili moja mwaka wa 1951, jirani yao Gathoni alichinja mbuzi kwa ajili ya wageni wa kanisa. Kaptura alipata mifupa kama mbwa wengine. Jumatatu alikataa chakula. Jumanne alikuwa akitokwa na mate, akikwaruza mdomo kwa mguu wa mbele na kulia kwa sauti nyembamba. Majirani wakawaita watoto wao ndani, na neno likapita mlango hadi mlango: kichaa cha mbwa.

Ndipo Gathoni alipowashauri wamwite Daktari Kang'ethe.

Kang'ethe alikaa karibu na soko la Ruiru. Alikuwa na koti jeupe, viatu vya mpira, baiskeli na mkoba wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na sindano moja kubwa. Sindano hiyo ilidunga mbuzi, punda, paka na bata, na haikuwahi kuchemshwa mbele ya mtu yeyote. Watu walimsifu sana kwa sababu ya sindano hiyo hiyo. Thika palikuwa na daktari wa mifugo wa kweli, kijana aitwaye Wamalwa, aliyesomea kazi hiyo miaka mingi huko Uganda, lakini watu wa Ruiru hawakumtaka. Gathoni alisimulia kwamba mwaka uliopita Wamalwa aliletwa kumwona mbuzi wake mgonjwa. Aliuliza maswali kama karani wa mahakama, akaagiza mbuzi aondolewe kwenye majani mabichi, akaenda zake bila kudunga hata mara moja. Mbuzi akapona, lakini Gathoni alisema alipona mwenyewe.

Huo ndio uliokuwa upumbavu wetu siku zile. Tulidhani daktari ni sindano. Aliyedunga alikuwa ametibu, na asiyedunga alikuwa ametuibia.

Kang'ethe alifika, akamtazama Kaptura akiwa mbali, akatangaza kwamba kichaa kimeanza kuingia ndani ya damu na kwamba ni lazima kitolewe kwa sindano kadhaa. Kila sindano ilikuwa kuku mmoja. Mama Ngendo aliona ni rahisi, kwa kuwa hakutoa fedha. Kang'ethe akamshika mbwa kwa kamba, akamdunga shingoni, akamfunga kuku kwenye baiskeli, akaondoka akipiga kengele.

Alhamisi alikuja tena. Jumamosi akaja tena. Sasa Kaptura alikuwa mifupa mitupu, na pale shingoni palikuwa pamevimba kama yai. Ngendo alimwuliza Kang'ethe kwa heshima kama amemtazama mbwa mdomoni, maana anakwaruza mdomo tu.

Kang'ethe aliwageukia wanawake waliosimama karibu. "Mnasikia? Siku hizi mayai yanamfundisha kuku kutaga." Wanawake wakacheka. Kisha akamwambia Ngendo, "Mtoto haulizi daktari. Jumatatu nitakuja kudunga ya mwisho. Mniwekee yule kuku mwekundu."

Yule mwekundu ndiye pekee aliyekuwa akitaga.

Jioni hiyo alikuja Githinji, nyapara wa shamba. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na watoto wa watu wa kuwalinda. Aliagiza mbwa afungwe kwa mnyororo nyuma ya nyumba, na akasema ikiwa hatapona ifikapo Jumanne jioni, atapigwa risasi. Hata kanisani siku iliyofuata hapakuwa na faraja. Bedan, mvulana wa darasa la Ngendo, aliinuka kwenye benchi walilokaa na kuwaambia wenzake, "Msikae karibu naye. Akianza kubweka, mimi sipo." Benchi zima likahama.

Usiku ule Ngendo hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfanya afikiri. Akamwambia mama yake kwamba wamempa mtu kuku watatu bila kujua amefanya nini. Kwa nini wasiende kwa yule wa Thika?

Mama akasema Thika ni mahali pa ng'ombe wa Wazungu, na bei yake itakuwa ya Wazungu.

"Ni nani aliyeuliza bei hiyo, mama?"

Mama alianza kuwataja majirani mmoja mmoja. Aligundua kwamba hakumjua hata mtu mmoja aliyewahi kuuliza.

Kulipokucha Jumatatu, Ngendo alipanda lori la maziwa lililokwenda Thika kila siku. Dereva wake, Erastus, alikuwa rafiki wa zamani wa baba yake, akamweka mbele kando ya makopo ya maziwa. Ofisini Thika alimkuta Wamalwa amevaa kaki iliyofifia, hana koti jeupe. Ngendo aliuliza kwanza kile alichokuja kuuliza: ni bei gani kumtazama mbwa? Wamalwa akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, ambayo kila mtu aliweza kuisoma. Ada ya mbwa ilikuwa chini ya bei ya kuku mmoja.

Ngendo aliisoma mara mbili. Karatasi ile ilikuwa imebandikwa hapo muda wote.

Aliposikia habari za mate, Wamalwa hakuchelewa. Alichukua pikipiki ya ofisi, akampakia Ngendo nyuma, nao wakarudi Ruiru na vumbi lao.

Hakumsogelea mbwa mara moja. Alisimama mbali kidogo, akaanza yale maswali yake ya karani. Mbwa ameumwa na mbwa mwingine, au na mbweha? Hapana. Anaogopa maji? Hapana, anayataka, lakini yanamwagika. Amemng'ata mtu? Hapana. Siku moja kabla hajaugua alikula nini?

"Mifupa ya mbuzi wa Gathoni," Ngendo akajibu.

Wamalwa akavaa glavu nene za ngozi. Akamwita Githinji amsaidie kwa kamba, akamfunga Kaptura kwenye nguzo, akampenyeza kipande cha mti kati ya meno ili asiweze kufunga mdomo. Akainama kutazama. Kisha akachukua koleo ndogo, akavuta mara moja.

Kilichotoka kilikuwa kipande cha ubavu wa mbuzi. Kilikuwa kimekwama juu mdomoni, kutoka meno ya upande huu hadi ya upande ule, na nyama ya chini yake ilikuwa imeoza. Kaptura alipofunguliwa alilamba maji ya bakuli hadi yakaisha, akalamba na bakuli lenyewe.

Wakati huo kengele ya baiskeli ikalia. Kang'ethe alikuwa amemjia kuku mwekundu.

Aliona pikipiki, akaona umati, lakini hakuwa mtu wa kushindwa upesi. Alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba sindano zake ndizo zilizolegeza kichaa, na huyu mgeni amekuja kuvuna shamba alilolima mwingine. Baadhi ya watu wakatikisa vichwa kukubali. Wamalwa alikuwa amepauka kwa hasira, lakini aliuliza polepole, "Ndugu, dawa yako ya kichaa inaitwaje?"

"Ni dawa ya kichaa."

"Duniani hakuna dawa hiyo," Wamalwa alisema. "Sikilizeni nyote. Kichaa kikishamwanza mbwa, hakuna sindano itakayomponya, hapa wala Ulaya. Mtu aliyeumwa na mbwa huoshwa kidonda kwa sabuni na maji mengi na kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, kabla ugonjwa haujaanza. Sasa fikirini. Kama mbwa huyu angekuwa na kichaa kweli, bwana huyu angewaacha mkae naye wiki nzima, karibu na watoto, huku yeye anakusanya kuku."

Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu na magoti yake.

Wamalwa akaomba aonyeshwe chupa ya dawa hiyo. Kang'ethe akaifunga ndani ya mkoba na kusema siri ya kazi haionyeshwi ovyo. Mama Ngendo akasogea mbele, akadai kuku wake. Kang'ethe akacheka, akamwambia kuku wameshauzwa, na kwamba mwanamke hawezi kumshtaki daktari. Akapanda baiskeli. Safari hii hakupiga kengele.

Wamalwa aliosha jipu la shingoni lililoletwa na sindano chafu, akaagiza Kaptura abaki amefungwa siku kumi kwa usalama, na mtu yeyote asimtie mkono mdomoni. Alimwonya hasa Ngendo: mbwa anayetokwa na mate hufungwa na kuachwa, kisha huitwa anayejua. Alipokea ada yake, akaandika stakabadhi. Githinji naye akasema habari ya risasi imekwisha.

Jioni majirani walikuja kusema pole. Wengi wao walishauri jambo liishie hapo, kwa sababu Kang'ethe ni mtu wa kwetu, na Wamalwa ni mtu wa mbali. Gathoni alisema kwamba kuku ni kuku tu.

Mama Ngendo alisimama. Alikuwa mwanamke mpole, na wengi hawakuwahi kuisikia sauti yake ikipanda.

"Kuku hao walikuwa karo ya mtoto wangu," alisema. "Mtu wa kwetu ameniibia, na mtu wa mbali ameniponyea mbwa akanipa stakabadhi. Lakini na mimi nina kosa. Nilimchagua daktari kwa koti na kwa sindano. Sikumwuliza ni ugonjwa gani, sikumwuliza amejuaje, sikuuliza bei ya pale pengine. Mtu asiyeuliza hulipa mara mbili. Na anayefuga mnyama ajue mnyama huugua kama mtu. Tangu leo mayai ya Jumamosi ya kuku mwekundu si ya kuliwa. Ni ya Kaptura, yatauzwa na kuwekwa, ili siku ya ugonjwa tusikimbilie aliye karibu bali tumwendee anayejua. Ngendo, lete kalamu."

Ngendo alikaa kwenye mlango, mahali penye mwanga wa mwisho wa jua, karatasi ikiwa juu ya debe lililopinduliwa. Barua ilikuwa ya mkuu wa ofisi ya mifugo, Thika. Mama alisema, naye akaandika: kuku watatu, sindano tatu, chupa isiyoonyeshwa, na ombi kwamba bei zile za ukutani zibandikwe pia soko la Ruiru, ambako watu watazisoma. Ngendo alipofika kwenye jina, mkono wake uliandika kwa mazoea, Daktari Kang'e—

"Futa hapo," mama akasema. "Andika Bwana."

Ngendo akafuta, akaandika Bwana Kang'ethe. Mama akatia kidole gumba chini ya barua. Githinji akatia sahihi yake kama shahidi, na baada ya kusitasita, Gathoni naye akaomba wino wa kidole. Waliigundisha bahasha kwa uji mzito wa sufuria, wakaikandamiza chini ya jiwe mpaka ikakauka. Lori la maziwa lilipopita alfajiri, Ngendo alimkabidhi Erastus bahasha mkononi, akasimama barabarani mpaka lori lilipopinda kuelekea Thika.