Ukuta Nyuma ya Shiti

Mbuvi hutengeneza vitanda kando ya barabara, Kawangware. Vitanda vyake havilii mtu akijigeuza. Watu hutoka mpaka Kibera kuja kuagiza kwake. Lakini nyumba yake mwenyewe, nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, ilikuwa ikiliwa na mchwa, na yeye alijua.

Mambo yalianza na mvua. Maji yalikuwa yakiingia ndani, basi Mbuvi akarundika udongo nje, chini ya ukuta, akaukanyagakanyaga. Maji yakaacha kuingia. Alijisifu sana kwa ujanja huo. Kumbe mbao sasa zilikuwa zimezikwa kwenye udongo wenye unyevu. Zikaanza kuoza kutoka chini, na mchwa wakapata njia ya kupanda.

Upande wa barabarani, Mbuvi alipigilia mbao mpya juu ya zile mbovu, akazipaka rangi ya kijani. Upande wa ndani, mkewe Ndunge alitundika shiti ya maua. Ukiingia, ungedhani ni nyumba ya maharusi.

Siku moja Ndunge alipigiwa simu kutoka Kitui. Mama yake, Kaluki, alikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa haoni vizuri. Angekuja Nairobi apasuliwe jicho la kulia, kisha akae kwao mpaka lipone.

"Atalala chumba cha Mbula na wadogo zake," Mbuvi alisema.

"Na ule ukuta?"

Mbuvi akakohoa. "Si haoni vizuri, Mama Mbula? Na shiti iko."

Mbuvi akachukua nyundo yake, akatoka haraka.

Kaluki alifika Jumamosi. Mbuvi alimsalimu akiwa amesimama mlangoni, macho chini. Kwao Ukambani, mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo. Hata usiku Mbuvi alipanga kulala kwenye kibanda chake cha kazi, kwa heshima.

Ndunge alimwekea mama kiti karibu na ukuta, akamletea chai. Kaluki alikunywa. Alikuwa amechoka na safari. Akaegemea nyuma.

Ubao mbovu ulivunjika kama biskuti, na ule wa kijani wa nje nao ukaachia. Kiwiko cha Kaluki kikatoka nje ya nyumba, na shiti ikakifuata. Huko nje kuku wa jirani akapiga kelele. Unga wa mbao ukamwagika kwenye kitambaa cha kichwani cha mama, kwenye chai, kila mahali.

Kaluki hakuumia. Alikirudisha kiwiko chake polepole.

"Ndunge," alisema, "nyumba yenu imeishia hapa?"

Mbuvi alisikia uso ukimchoma. Fundi mzima! Hakuweza hata kumkaribia mama mkwe kumwomba msamaha. Akamwambia mkewe, akitazama sakafu, "Mwambie mama, pole sana."

"Mwambie nimesikia," Kaluki alijibu. "Lakini muulize, alikuwa anajua?"

Mbuvi aliinama, akaokota kipande cha ubao.

"Alikuwa anajua, mama," Ndunge alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata mimi nilijua."

Kaluki aliipapasa ile shiti. Alikuta misumari iliyoishikilia.

"Kwa hivyo mlitegemea kwamba sioni."

Ndunge alianza kulia. Mbuvi alitamani angetukanwa. Matusi yangekuwa nafuu.

Daktari alikuwa amewaonya kwamba jicho likipasuliwa halitaki vumbi wala uchafu. Kaluki alikuwa akilikumbuka neno hilo.

"Kabla ya hospitali naweza kukaa kwa Kasyoka," alisema. Kasyoka alikuwa rafiki wa Ndunge wa mtaa huohuo, mwenye chumba kimoja na watoto wengi. "Lakini baada ya hospitali siwezi kukaa huko, na hapa siwezi. Kama hakuna mahali safi, nirudisheni Kitui na macho yangu haya. Nimeyazoea."

Ndunge alimpeleka kwa Kasyoka jioni hiyo. Upasuaji ulikuwa umebakiza siku chache.

Asubuhi iliyofuata Mbuvi alipeleka kitanda Kibera, mtaa wa Makina, kwa Bakhita. Bakhita, mamake Hayat, ni Mnubi mwenye nyumba za kupangisha. Yeye mwenyewe anaishi katika nyumba ya mbao aliyoachiwa na baba yake. Mbuvi alikuwa ameiona nyumba hiyo mara nyingi. Leo ndipo alipoitazama. Mbao zake ni za zamani, lakini ni kavu, na zimenyooka.

Alizunguka nyumba. Akachuchumaa.

"Sasa fundi, umepoteza nini huko chini?" Bakhita aliuliza.

Mbuvi alikaribia kudanganya. Angeweza kusema msumari. Kisha akakumbuka lile swali la mama mkwe: alikuwa anajua?

"Mama Hayat, nyumba yangu imeoza. Jana mama mkwe ameegemea ukuta akatokea nje."

Bakhita alicheka mpaka akashika mlango. Alipoona Mbuvi hacheki, akaacha.

"Pole. Si wewe ni fundi wa mbao?"

"Mimi ni wa vitanda. Kitanda hakinyeshewi."

"Haya, ona hapa. Ubao wa chini umeshika udongo?"

"Hapana. Kuna mawe."

"Mawe na simiti, halafu ndio ubao. Acha kama shubiri moja hivi kutoka udongoni. Ubao ukigusa udongo, hiyo ni chakula umewekea mchwa."

"Mimi niliwajazia udongo mpaka juu," Mbuvi alisema kwa aibu. "Halafu nikapiga mbao mpya juu ya mbovu."

"Wacha! Sasa hizo mpya nazo zimeanza kuliwa. Toa zote mbovu. Zichome mbali na nyumba. Lakini usikimbilie. Kwanza weka miti ya kushikilia paa, utoe ukuta kidogo kidogo. Dunga nguzo na bisibisi. Ikiingia kama kwa ugali, nguzo imeoza. Badilisha na hiyo pia."

"Na mchwa? Watu hupaka oili chafu ya gari."

"Ndani ya nyumba watu wanalala, watoto wanashika? Oili inanuka, na ikiguswa na moto inashika. Nunua dawa ya mchwa dukani, usome maandishi yake. Vaa glavu. Paka mbao huko kwa kibanda chako, hasa mahali umekata na msumeno, zikauke kabisa ndio uzipeleke nyumbani."

Mbuvi alinyoosha mkono, akagusa mahali ubao mmoja ulipoulalia mwingine.

"Unaanza chini, unapanda," Bakhita alisema. "Ubao wa juu unalalia wa chini, maji yanateleza nje. Na uchimbe mtaro wa maji. Hayo maji ndiyo yalikuletea hii shida yote."

Mbuvi alirudi Kawangware, akaanza siku hiyohiyo. Aliegemeza paa kwa miti. Aliondoa ule udongo wake wa ujanja. Alipong'oa mbao za kijani, mchwa walimwagika barabarani, mbele ya wateja wake.

"Fundi, kumbe!" Duncan, muuza viazi, alipiga kelele.

"Kumbe," Mbuvi alikubali. Masikio yalimwaka moto, lakini hakuingia ndani kujificha. Aliendelea kung'oa.

Nguzo mbili zilikuwa zimeoza. Alizibadilisha. Akajenga msingi wa mawe, akachimba mtaro. Ndunge alifagia unga wote wa mbao, akaosha chumba. Mbao mpya alizozipaka dawa kibandani zilipokauka vizuri, Mbuvi alizipigilia kuanzia chini. Zilimaliza kupanda siku ambayo Kaluki alikuwa hospitalini.

Kesho yake bandeji ilitolewa kwenye jicho. Kaluki aliletwa nyumbani, jicho la kulia limefunguka. Mbuvi alisimama mlangoni.

"Shiti iko wapi?" Kaluki aliuliza.

"Iko kitandani, mama, mahali pake," Ndunge alisema.

Kaluki aliutazama ukuta kuanzia juu mpaka chini. Hakuwa na haraka. Akaupitishia kiganja, akakitazama. Kilikuwa safi.

"Ndunge, mwambie aniletee kile kiti."

Mbuvi alikileta mwenyewe. Akakiweka katikati ya chumba, mbali na ukuta.

Kaluki alikivuta, akakirudisha palepale kilipokuwa siku ile. Akaketi. Akausukuma ukuta kwa kiwiko kilekile, mara moja, kwa nguvu. Ukatulia.

"Baba Mbula," alisema, akimtazama mkwewe usoni, "sasa naona." Kisha akaegemea.