Waling'oa Meno Yangu Wakisema Wanatibu Miguu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, nina mume na watoto wawili, tunakaa Katuba hapa Lubumbashi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano. Nasema nilikuwa... Wasomaji wenzangu, msitafute upole humu. Naandika kwa hasira!

Ilianza kwa mguu wa kushoto. Ulikuwa ukifa ganzi nikiwa nimesimama ubaoni, kisha jicho moja likaingia ukungu. Majirani walisema nimerogwa, wengine wakasema ni sukari. Hospitalini walinipiga picha ya ubongo, na daktari akanitajia jina la ugonjwa: sclérose en plaques. Alinieleza kwamba kinga ya mwili wangu yenyewe inashambulia mishipa ya fahamu. Alisema pia kwamba mara nyingi ugonjwa huu huja na kupoa, huja na kupoa, na kwamba kuna dawa za kuupunguza kasi.

Nikamuuliza ugonjwa huo umetoka wapi.

"Maman, cause yenyewe hatuijue bien," akanijibu, yaani chanzo chake hawakijui vizuri.

Dada yangu mkubwa, Béatrice, ambaye kwetu tunamwita Yaya kwa ukubwa wake, alikuwa amekaa pembeni yangu. Alisikia kila neno!

Tulipotoka nje alicheka kwa dharau. Daktari gani huyo asiyejua? Yeye alikuwa na mtu anayejua! Mtu huyo alijiita Docteur Trésor, alikodi ukumbi mtaa wa Kampemba, na kila Jumamosi alifundisha mambo ya afya. Yaya ndiye aliyepokea wagonjwa mlangoni, kavaa blouse nyeupe kama muuguzi.

Mafundisho yake yalikuwa haya. Sisi watu wa Lubumbashi tunavuta vumbi la migodi usiku na mchana. Vumbi hilo likikutana na plombage, yaani madini ya kuzibia tundu la jino, linazaa umeme unaopanda kichwani na kuunguza mishipa. Ng'oa jino, umezima umeme! Nani kwetu asiyelijua vumbi? Kila asubuhi tunalifuta mezani. Ndiyo maana uongo ule ulinikaa vizuri, na mimi nilikuwa na plombage tatu mdomoni.

Docteur Trésor akayang'oa meno hayo yote matatu. Na kweli, baada ya majuma machache nikatembea vizuri! Yaya akanipandisha jukwaani nitoe ushuhuda. Akanipiga video nikiwa na pagne ya njano, kitenge changu cha sikukuu, natembea huku na huku namshukuru Mungu. Video ile ilizunguka simu za mji mzima. Docteur Trésor akaniagiza niache dawa za hospitali nilizokuwa nimeanza, nami nikaacha.

Kumbe ugonjwa ulikuwa umepoa tu, kama daktari alivyotuambia...

Uliporudi, ulirudi kwa miguu yote miwili. Docteur Trésor akasema sumu imeambukiza meno ya jirani. Akang'oa, akang'oa tena, mpaka ufizi wa juu ukabaki mtupu na chini yakabaki ya kuhesabu. Nikisoma dictée, yaani imla, darasani, maneno yalitoka na upepo, watoto wakaficha nyuso chini ya meza wakicheka. Baadaye hata kusimama sikuweza, shule ikampa mwingine darasa langu. Hapo ndipo Yaya alipoacha kuja kwangu. Nilimtetea! Nilisema moyoni kwamba roho inamuuma kuniona vile.

Siku moja mwalimu mwenzangu alikuja kunisalimia, akanishangaa kama aliyeona maiti. Akaniuliza nimerudi lini kutoka Kipushi. Kipushi gani? Akanieleza kwamba Yaya ametangaza ukumbini kuwa nimehamia Kipushi, nimepona kabisa, nafanya biashara mpakani. Na kila Jumamosi video yangu inaonyeshwa ukutani!

Sikulia, wasomaji. Nilimwomba mume wangu aipige pasi ile pagne ya njano.

Jumamosi ilipofika alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka Kampemba. Mdomo nilikuwa nimeufunika kwa kitambaa. Yaya akatuziba njia mlangoni.

"Weye! Unakuya kufanya nini huku?"

"Nakuya kutoa témoignage, ushuhuda yangu, Yaya."

Alitaka kutugeuza, lakini watu walikwisha kuitambua ile pagne. Wakaanza kupiga makofi, wakiita mama wa video, mama wa video! Docteur Trésor angefanya nini mbele ya watu wote wale? Akanipa maikrofoni. Nikakitoa kitambaa.

"Muliniona natembea," niliwaambia. "Sasa munione vizuri. Meno banamaliza kung'oa, miguu nayo hakuna. Yaya yangu njo ule kwa mulango." Nikamwelekezea kidole. "Anajua yote!"

Mnajua yule mtu alijibu nini? Alijibu bila haya.

"Kulibakia jino moya mubaya ya nyuma. Ile njo inamuletea shida."

Mama mmoja wa mbele akamshika binti yake mkono, wakatoka. Kisha viti vikaanza kuanguka, watu wakimdai meno yao! Alichomokea mlango wa nyuma, na sijasikia tena habari zake. Yaya yeye alivuliwa blouse na wanawake wale wale aliokuwa akiwapanga foleni. Je, nilimhurumia? Hata kidogo! Nilitazama mpaka mwisho, na moyo wangu ukashiba.

Nimerudi hospitali. Daktari hakunigombeza. Dawa zinauzuia ugonjwa usisonge haraka, lakini amenieleza wazi kwamba nilichopoteza huenda kisirudi chote. Yule aliyeniambia hatujui ndiye aliyeniheshimu, nami nilimkimbia! Ndugu zangu, msinifuate njia hii. Mtu akikujia na sababu moja ya ugonjwa na dawa moja ya sababu hiyo, muulize wako wapi wale waliorudi kuugua. Na dawa za hospitali msiziache kwa neno la mtu wa ukumbini.

Mama yetu ananipigia simu akilia, anasema sisi ni damu moja, nimsamehe dada yangu. Yaya mwenyewe amekuja kugonga mlango wangu mara nyingi. Najua utasoma hapa, Yaya, kwa hiyo nakujibu mbele ya watu. Endelea kugonga. Mlango huo nitakufungulia mimi mwenyewe, siku nitakayoufikia kwa miguu yangu.