Dumila Walinikalia Matanga Nikiwa Hai

Nina miaka thelathini na minne, mkulima wa kabichi na karoti huku Mgeta, mama wa mtoto mmoja. Wanaonifahamu wanasema nina mdomo. Ni kweli, ninao! Lakini siku niliyoshuka Dumila, mdomo huo ulikauka...

Mume wangu Beda alikwenda huko kulima mpunga, maana huku kwetu watoto na mashamba hufuata ukoo wa mama, naye alitaka cha kwake. Sikumlaumu. Msimu wa kwanza alirudi amekonda, kumbe huko anakula viporo. Nikamwonea huruma. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu hiki, nikamwomba mdogo wangu Skola aende akampikie mpaka mavuno yaishe.

Skola nilimlea mgongoni jamani! Beda alizoea kumwita "mke wangu mdogo," naye anajibu, "Ninunulie kwanza kitenge, mzee!" Tunacheka wote. Utani wa shemeji kwetu ni jambo la kila siku, nani angeshtuka? Hata mama alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi.

Mavuno yakaisha, Skola hakurudi. Nikisema nakuja, Beda ananikataza: mara joto, mara mbu, mara kibanda hakina mlango. Simu za Skola zikawa fupi... Nikachoka. Nikamwachia mama mtoto, nikajaza njegere kikapuni, nikapanda fuso la mboga mpaka Morogoro mjini, kisha basi. Mama alinishika mkono. "Usiende, Vero. Subiri kwanza." Nikadhani ananihurumia safari.

Dumila jua kali, magunia ya mpunga yamepangwa mpaka kando ya lami, mashine za kukoboa zinanguruma. Nikamwamkia mama mmoja muuza wali, nikamuulizia Beda wa Mgeta.

"Marahaba, mwanangu. Yule mgane?"

Mgane? Nikasema labda siye.

"Ndiye huyohuyo, aliyefiwa na mkewe huko milimani. Jumuiya nzima tulikaa naye matanga, tukamwombea marehemu. Afadhali ukoo umempa mdogo mtu. Na sasa binti ana mimba, Mungu amewafuta machozi."

"Marehemu alikuwa anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Veronika."

Mungu wangu! Wasomaji wenzangu, mmewahi kutajiwa jina lenu na mtu aliyewalilia?

Ni kweli kwetu mke akifariki, ukoo unaweza kumpa mgane mdogo wa marehemu, ili watoto wasilelewe na mtu baki. Nikaelewa palepale. Wangeishi vile mimi nikiwa hai, jumuiya ingewatenga. Basi wakaniua! Nife mimi, wao wawe safi.

"Mama," nikamwambia, "Veronika ndiye mimi." Mwiko ukamponyoka.

Alinipeleka mwenyewe. Skola alikuwa uani anapepeta mpunga, tumbo mbele, kiunoni kitenge changu cha harusi. Aliponiona akapiga yowe, akakimbilia ndani, akajifungia. Majirani nao wakatimua mbio, wakidhani kaona mzimu. Beda akatoka, akapiga magoti.

"Vero, tuongee ndani, watu wanatazama."

Ndani? "Marehemu haingii ndani, Beda!" Mengine niliyomwambia hayaandikiki. Kisha nikaugonga mlango, nikamuuliza mdogo wangu swali moja tu: kwenye matanga yangu, ulilia?

"Nililia, dada," akajibu kwa kwikwi. "Nililia sana."

Nikaacha kikapu cha njegere mlangoni, nikarudi barabarani.

Nyumbani nilimkuta mama anamenya viazi. Nikasimama mbele yake mpaka akasema mwenyewe: "Mtoto wa Skola ni wa ukoo wetu, sawa na wako. Nilitaka mpunga ule ubaki kwetu, usiende kwa mwanamke wa nje. Ningekuambiaje?"

Alijua! Alijua, na kila jioni tunakula sahani moja... Mume nimemsahau, amini usiamini. Mama bado nampikia, lakini siku nyingine nashindwa hata kumwamkia.

Dada zangu, utani wa shemeji una mwisho wake. Mumeo akienda kulima mbali, nenda naye, hata kama kibanda hakina mlango. Na ukikatazwa kufika mahali, funga safari siku hiyohiyo! Msiniige mimi niliyecheka.

Beda na Skola walihama Dumila kwa aibu, wakaanza upya mji mwingine wa barabarani, na hadithi yao ni ileile. Mtoto ni wa kike. Wamempa jina Veronika, kwa heshima ya marehemu. Basi ukikutana nao, ukataka kuwapa pole, usiwape. Niletee mimi huku Mgeta, nipo shambani napalilia karoti.