Gunia la Mchanga wa Osiri

Nasteha alijua amejikata kidole alipoona damu kwenye mchanga. Mkasi mdogo wa kupogolea ulikuwa umezama karibu na ukucha, na yeye alikuwa bado anakata. Akautazama mkono ule kama wa mteja fulani. Kisha akafunga kitambaa, akaendelea na kazi.

Na kazi yenyewe ndiyo iliyofanya majirani wamcheke. Mumewe, Zubair, ana duka la mapazia na mikeka mjini Homa Bay. Watu wa Garissa hao, walikuja kutafuta wakakaa. Sasa mwanamke, badala ya kuuza mapazia, amejaza rafu ya dirishani vimea visivyozidi kidole gumba, majani manene yaliyojaa maji: kimoja kwenye kifuniko cha soda, kingine kwenye kikombe cha kahawa kilichovunjika mkono, vingine kwenye vikopo vya dawa. "Mboga gani hii hailiki?" walimuuliza. Yeye hucheka tu. Alivipenda zaidi vile alivyoviita vijiwe, vyenye majani mawili tu yaliyoshikana, rangi ya kokoto, na ufa katikati. Kila mwaka ufa ule hufunguka, majani machanga yakachomoza, na ya zamani yakakauka yakiyalisha mapya mpaka yakabaki maganda.

"Hata mimea ina mama," alikuwa akisema, huku akimbusu binti yake Sumayya, ambaye miaka miwili alikuwa hajafikisha, na ambaye kila ukigeuka alikuwa amechota udongo wa vikopo anautia mdomoni. Mtoto gani asiyekula udongo, jamani?

Adui wa mimea hii ni maji yanayotuama. Udongo mweusi wa Homa Bay hushika maji mpaka mizizi ioze, na mchanga wa ziwani ni laini mno. Ndipo Jacktone, mwendesha boda anayepeleka watu mpaka machimbo ya dhahabu ya Osiri, akamletea gunia.

"Mama Sumayya, hii ndio mchanga sasa," alisema akilishusha mlangoni. "Imetoka kwa shimo, mawe imesagika yote. Maji haikai hapo hata ukimwaga ndoo."

"Ni ya nani?"

"Shimo imefungwa. Haina mwenyewe."

Nasteha akatia mkono, mchanga ukachuruzika vizuri. Hakuuliza shimo limefungwa kwa nini. Wewe ungeuliza? Mtu wa vimea hivi akipata changarawe nzuri hubeba kwanza. Siku hiyo hiyo alivipandikiza vyote upya, kwa kijiko cha chai.

Basi vikanona. Vilinona bila maji, na hilo peke yake lingetosha kumshtua. Halafu mimea hufuata jua, hata mtoto wa chekechea anajua. Hii ikaanza kuinama kuelekea ndani, upande wa chumba anacholala Sumayya. Nasteha akavigeuza, na kesho yake akavikuta vimegeuka tena. Ikaingia na harufu, ya udongo wa chini kabisa uliochanganyika na jasho la mtu na moshi wa dizeli, wateja wakawa wananunua haraka haraka wakitoka.

Kidole, kile alichokuja kukikata bila kuhisi, ndicho kilichokufa ganzi kwanza. Kisha mkono. Kisha ganzi ikahamia ndani. Simu ilipopigwa kutoka Garissa kwamba mama yake mzazi amefariki, Nasteha alisema, "Sawa, nimesikia," akarudi kupangusa vijiwe vumbi kwa brashi. Zubair ndiye aliyelia.

"Nasteha, ni mama yako," alinong'ona.

"Najua ni mama yangu."

"Sasa?"

"Sasa nini?"

Zubair aliogopa, nami sioni haya kumsemea. Alimwogopa mke wake mwenyewe. Akamleta ustadhi. Ustadhi alisoma, na aliposoma vijiwe vyote vikafumba nyufa zao. Akashukuru, akanywa chai, akaaga, na kabla hajafika barabarani vikafumbuka tena, vyote kwa pamoja, na ndani ya kila ufa mlikuwa na unyevu kama wa mdomo wa mtu.

"Ni jini," Zubair akasema kwa sauti ya chini. "Tuvitupe."

"Ukivitupa, nitaondoka navyo."

Alasiri moja, mvua ikija kutoka ziwani na umeme umekatika, Zubair alirudi kutoka msikitini akasikia mtoto akilia, kilio cha aliyeanguka vibaya, akakimbilia chumbani akamkuta Sumayya sakafuni mdomo umejaa damu, na Nasteha ameketi pale pale karibu, mtoto akimvuta pindo la dera, yeye amelaza sikio juu ya kikombe cha kahawa, na Zubair alipoinama kumtingisha naye akasikia, kutoka ndani ya kikombe kile ambacho mtu hukimaliza kwa funda moja, mbali sana na chini sana, nyundo ikigonga jiwe, ikipumzika, ikigonga tena, na kati ya pigo na pigo mtu akivuta pumzi kwa shida, na mchanga ukichuruzika, ukichuruzika, ingawa hakuna mkono uliougusa.

"Unamsikia mtoto?" Zubair aliuliza.

"Nasikia redio ya jirani," Nasteha akasema.

Hapo Zubair akajua kinachochukuliwa ni nini. Akinyamaza, Sumayya atakua na mama anayepumua tu. Akamnyanyua mtoto, akampigia Jacktone, akamuuliza gunia lile lilitoka shimo gani hasa.

"Bosi," Jacktone akasema, "wacha nikuletee mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Dolphine, mama wa makamo kutoka Karungu, aliyeingia amelowa na leso yake kiunoni. Alisalimu kwa heshima, akakataa kiti. Mwanawe Wasonga alifukiwa na shimo huko Osiri, na mwili haukupatikana.

"Kwetu mwili ikikosekana tunazika tunda ya yago, ile ndefu kama mtu amelala," alisema taratibu. "Lakini kwanza tunachukua mchanga ya pale alifia, tunamuita jina, tunaenda na yeye. Anafuata mchanga. Sisi tulifika, tukaita mpaka sauti ikaisha. Akanyamaza." Akaitazama rafu. "Kumbe alikuwa amebebwa. Mchanga ya juu yake ndio hii. Mlimleta nyumbani, na hapa si kwao."

"Mama, hili ni jini," Zubair akasema.

"Wewe muite hivyo. Mimi nilimzaa."

"Lakini mke wangu hahisi kitu! Hata mtoto hamsikii!"

"Mtu wa chini ya mawe atahisi nini?" Dolphine akajibu. "Amempa ile kitu ako nayo."

Nasteha hakumzuia. Labda ni kwa sababu mwanamke yule hakuvitupa vijiwe. Alivichomoa kimoja kimoja, akaikung'uta mizizi kwa kidole, akavilaza kando kwa adabu, na mchanga akaumwaga kwenye shuka nyeupe. Walifagia rafu na sakafu, wakachokoa nyufa za mbao kwa njiti, wakalipiga gunia mpaka likaacha kutoa vumbi.

"Ni yote?" Dolphine akauliza. "Mtu haendi nusu."

"Yote, wallahi," Zubair akaapa.

Dolphine akaifunga shuka, akaibeba mgongoni kama mtoto. "Wasonga," akaita kwa upole, "wadhi dala." Twende nyumbani. Harufu ikatoka naye mlangoni, na hapo hapo Nasteha akashika kidole chake akapiga yowe. Kilikuwa kinauma! Akaketi katikati ya mikeka, akamlilia mama yake kilio chote kilichokuwa kimechelewa. Zubair naye akalia, kwa furaha, masikini ya Mungu.

Nyumba ikarudi kuwa nyumba. Nasteha akawa anambeba Sumayya kutwa nzima, anamnusa nywele, anamwomba msamaha. Mtoto alitulia mno, hata majirani wakamsifu.

Baada ya mazishi, Dolphine alipiga simu asubuhi, Nasteha akiwa jikoni. Sufuria ya chai alikuwa ndiyo kwanza ameishusha sakafuni.

"Mama Sumayya, tumemzika," ile sauti ikasema, imechoka. "Lakini naota amekuja na mkono moja. Nyingine haiko. Una uhakika mchanga iliisha?"

"Iliisha, mama. Tulifagia kila mahali."

Akasikia harufu, akadhani ni maziwa yameungua. Akageuka. Sumayya alikuwa amechuchumaa kando ya sufuria, kiganja kizima kimelala kwenye ubavu wake wa moto, na ngozi ikitoa sauti ndogo. Halii. Mdomo wake ulikuwa wazi, na juu ya ulimi, katikati ya vijino, punje za changarawe ziling'aa. Hapo Nasteha akakumbuka nani alikuwa akichota na kula mchanga wa vikopo vile kila mama akigeuka, na simu ikamtoka mkononi.

"Sumayya! Toa mkono, mama! Toa mkono!"

Mtoto akamtazama, kisha akaweka na mkono wa pili.