Majibu ya Citoyen Lifoko

Uwanja wa ndege wa Bangboka ulifurika watu siku Simone alipokwenda kupokea rangi za maabara alimofanya kazi, zilizotoka Kinshasa. Alivaa liputa, kitenge cha kijani kilichomkaa barabara. Kijana wa mizigo akamkabidhi sanduku, lakini hakuliachia.

"Citoyenne, iko nzito. Nikubebee?"

"Mupaka kwa gari tu. Jina yako?"

"Ya serikali iko kwenye karatasi. Kwa mama, na kwako, ni Léon."

Miaka hiyo serikali iliagiza watu waitane citoyen, yaani raia, na majina ya ubatizo yalikatazwa. Yaliitwa nyumbani tu, na kwenye mapenzi. Jumapili walikula liboke, samaki wa kuchomwa ndani ya majani, kando ya mto. Siku za kazi Léon alimpigia simu maabara, hata bila la kusema.

Ghafla simu zikakatika. Simone akasikia Léon yuko mjini, anamkwepa. "Amepata mwingine," akajiambia, akalia, akarudi kwenye darubini.

Hospitali ilikuwa imeleta kipande cha tezi ya shingo cha mgonjwa aitwaye Lifoko. Simone alikikata, akakipaka rangi. Profesa, mkuu wa maabara, akainama kutazama.

"Ona, chembe nyeupe za damu zinatoka kwenye mishipa hii midogo, zinafuata nyuzi hizi ndani ya tezi. Hazitangitangi. Zimefika zote, zimeuzunguka ugonjwa. Ni tuberculose, kifua kikuu cha tezi. Dawa iko. Lakini huyu mutu hajarudi kuuliza majibu."

Simone akachukua fomu. Kazi: mizigo, Bangboka. Kumbe hilo ndilo jina la serikali ambalo hakuwahi kuliuliza! Akapiga simu stoo ya mizigo, uwanjani.

"Allô? Lifoko hapa."

"Léon!"

Sauti yake ikashuka: "Unisamehe. Tonton yangu, ndugu ya mama, alivimba shingo hivi, akakufa. Sikutaka nikuache mujane."

"Na mimi nalilia mwanamuke mwingine, kumbe hayuko! Sikia, chéri, utapona. Ile kuvimba ni damu yako inapigana. Ilijua njia, ilifika. Kuja uchukue dawa."

Léon alilia waziwazi mbele ya wapakiaji wenzake.

Alimeza dawa mwaka mzima. Daktari alipomwambia amepona, alikwenda maabara na jogoo mkubwa. "Papa Profesa, aksanti ya maisha yangu."

"Mimi nilitazama tu. Huyu ndiye alikata, akapaka rangi, akakutafuta."

Léon akamgeukia Simone. "Aksanti, mama. Bon... nitume wazee Isangi, kwa papa yako, wakupose?"

Simone alifuta machozi kwa kiwiko, vidole vyake vyote vimejaa rangi.

"Watume kesho," akasema. "Bateau ya mtoni ya kwenda Isangi inaondoka saa mbili asubuhi."