Aliyekimbia Yowe

Wewe unayesoma, ukisikia yowe la wizi wa ng'ombe, unakimbilia wapi?

Hapa Kenyamonta mwanaume hukimbilia linakotoka. Anayekimbia upande mwingine, huyo ndiye mwizi. Tulikuzwa hivyo. Nami niliwafundisha wanangu hivyo.

Yassini hakufundishwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa Mwanne, fundi cherehani wa Mugumu. Kila Jumamosi alikuja na baiskeli kutuuzia kanga, amezifunga nyuma kwa mpira.

"Shikamoo Bibi! Leo nimekuletea ya njano."

"Marahaba. Ya njano niivae niende wapi, mzee mimi?"

"Si unaenda kuolewa!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilimpa maziwa mgando. Aliyanywa amefumba macho, akapangusa mdomo kwa kiganja. Hadi leo namwona.

Mwanangu Marwa alimtania, "We Mswahili, hebu ita ng'ombe tuone." Yassini akapiga mluzi. Wakaja kuku.

Jumamosi moja mchana, ng'ombe wawili wa jirani yetu Nikolaus walipotea. Yowe likapigwa. Yassini alikuwa njiani, karibu na mto. Akaona wanaume wanakuja na fimbo na mapanga. Akaogopa. Akatupa baiskeli, akakimbia.

"Huyo! Tena si wa kwetu!"

Hawakumuuliza kitu. Marwa alipofika anahema, mtoto alikuwa ameshakufa. Jioni ng'ombe wakaonekana kwenye mtama wa mtu, wanakula.

Watu watatu walifungwa. Polisi wa kata, Judith, akaita mkutano.

"Wazee wangu, mtu akikimbia, ameogopa. Woga si ushahidi."

Nikolaus akauliza, "Sasa Afande, mwizi tumpe chai?"

"Mkamateni bila kumpiga, mzee. Mkalisheni chini. Muulizeni jina na kwao. Kisha mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji. Hata kama kaiba kweli, kumuua ni kosa la jinai. Na kuwa wa kabila lingine si kosa."

Tulibishana sana siku ile. Mwisho tukakubali.

Mwaka huu, wakati wa kuvuna mtama, yowe likapigwa tena. Kijana mmoja wa kijiji cha Natta, Simon, aliyekuja kutafuta kibarua, akakimbia. Marwa akawatangulia wenzake, akatanua mikono.

"Asiguswe! Kaa chini, mdogo wangu. Unaitwa nani? Mtoto wa nani?"

Walimpeleka kwa mtendaji. Mtendaji akapiga simu Natta. Hakuwa na kosa. Kabla jua halijazama, mama yake alikuja kumchukua, mzima.

Habari zikafika Mugumu. Wiki iliyofuata Mwanne akaja kwangu. Miaka mitatu, tangu mwanawe auawe, alikuwa hajakanyaga hapa. Nikampa kigoda. Marwa alitazama chini. Mama yule akamgeukia.

"Marwa," akasema, "watu waliniuliza nataka nini. Fidia? Kisasi? Nilitaka hilo tu ulilomuuliza yule wa Natta. Mtu mmoja amuulize mwanangu, wewe ni mtoto wa nani? Angesema, wa Mwanne."