Sauti Kwenye Shimo la Nne

Chombo chenyewe hakikuzidi punje ya hindi. Kilikaa ndani ya kofia ya mwendesha baiskeli, nyuma ya sikio, kikisoma mapigo ya moyo, jasho na upepo, kisha kikimwambia la kufanya: punguza, inama, kanyaga. Watu walikiita Mnong'onezi. Kilijua kila kokoto la barabara na kila mbuzi mwenye tabia ya kukatiza. Na kwa kuwa mashabiki hawapendi kufichwa kitu, kila lililosemwa kofiani lilisikika pia kwenye vipaza sauti vilivyofungwa njia nzima.

Aliyekibuni ni Mhandisi Kabula Lushinge, na sauti iliyonena ndani ya chombo ilikuwa yake Kabula, iliyonakiliwa. Siku ile, siku ya sita ya mashindano, alikuwa ndani ya gari lijiendeshalo nyuma ya waendeshaji wanaoongoza, vilima vikipanda na kushuka, miji ya machimbo ya zamani ikipita na mabati yake yenye kutu. Wenzake garini walimpongeza mpaka basi. Laiti wangejua!

Ukweli ni kwamba Kabula alizaliwa Nyamtondo, mji wa tano katika njia ile. Lakini chuoni watoto wa machimbo walichekwa, eti wanakohoa vumbi, naye akajiandikisha mzaliwa wa Dodoma. Uongo ule akaulea miaka kumi na tisa. Mama yake alipomtumia salamu alijibu kwa mkato, na kwenda hakwenda. Mkataa kwao mtumwa, wahenga walisema. Yeye utumwa wake aliuita maendeleo.

Pale Nyamtondo, kando ya barabara, liko Shimo la Nne. Liliporomoka na watu arobaini na mmoja ndani, baba yake Kabula akiwamo, na hawakutolewa. Tangu hapo hakuna apitaye pale akiwa amepanda kitu. Mwenye baiskeli hushuka akaikokota. Hata gari la harusi husimama, maharusi wakatembea. Ukipita umepanda, wajane wanakugeuzia mgongo. Adhabu ni hiyo tu, na hakuna mtu wa huko asiyeiogopa.

Yote hayo Kabula aliyajua. Miezi miwili nyuma, alipokuwa akimfundisha Mnong'onezi njia, fomu ilimwuliza kuhusu Nyamtondo: je, kuna jambo la kuzingatia mahali hapa? Wenzake walikuwa wakichungulia begani kwake. Angeandika, wangemwuliza amejuaje. Akaandika hakuna.

Sasa wajane walikuwa wamejipanga, mikononi taa za kichwa za uchimbaji walizoacha waume zao nyumbani. Hamdani, mwendeshaji wa Tanga aliyekuwa akiongoza, aliwaona, akapunguza mwendo, mguu mmoja tayari ukitafuta ardhi. Akamwuliza Mnong'onezi kama hapa pana jambo, mbona akina mama wamesimama hivi.

"Hapa hakuna kitu," vipaza sauti vikajibu kwa sauti ya Kabula. "Kanyaga."

Hamdani akakanyaga. Migongo ikageuka, mmoja baada ya mwingine.

Kabula akaliamuru gari lisimame. Alishuka, akatembea kwa miguu kama alivyofundishwa utotoni, hadi kwa mwanamke mmoja mfupi aliyeshika taa yenye kioo kilichopasuka. Mgongo ule hakuhitaji kuambiwa ni wa nani. Alikulia juu yake, akibebwa.

"Mama," alisema. "Ni mimi."

Kundi la nyuma likawafikia wakati huohuo, na mwendeshaji wa mbele naye akasita.

"Hapa hakuna kitu," vipaza sauti vikasema tena. "Kanyaga."

Baiskeli zikapita zote. Mama hakugeuka. Aliifuta taa vumbi kwa ncha ya kanga, taratibu, kama mtu asiye na haraka.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema. "Na baba yako amekusikia."